Mshika Mkuki

Katika kila mchezo wa kuigiza kuna watu ambao kazi yao ni kusimama. Mfalme huingia, nao wapo nyuma yake. Mfalme huuawa, nao wapo. Mwili wake huondolewa jukwaani, na aghalabu wao ndio wauondoao. Katika orodha ya wachezaji hawana jina ila askari wa kwanza, askari wa pili, mjumbe na raia. Watazamaji huwaona kama waonavyo nguzo za jumba: zikianguka zitatazamwa, lakini madhali zimesimama hakuna azijaliye. Mimi huwatazama. Sijui kama huu ni wema au ni udadisi tu, lakini niingiapo katika jumba la michezo macho yangu huuacha mapema uso wa mfalme yakaenda kwa yule aliyeshika mkuki nyuma yake, nami hutaka kujua anafikiri nini wakati wote ule.

Jibu lililonitosheleza nalilipata katika filamu. Jina lake ni To Be or Not to Be, maneno yaliyotwaliwa katika Hamlet ya Shakespeare. Mwongozaji wake ni Ernst Lubitsch, na ilitolewa Marekani mwaka 1942. Ni filamu ya kuchekesha juu ya jambo lisilochekesha hata kidogo, yaani Poland chini ya Manazi. Kundi la wachezaji wa jumba moja mjini Warsaw, mwezi Agosti 1939, linajizoeza mchezo wa kumdhihaki Hitler. Serikali ya Poland, kwa kuogopa kumuudhi jirani, inaupiga marufuku, na badala yake inachezwa Hamlet. Hadhari hiyo haikumzuia jirani. Mwezi Septemba mabomu yanaanguka, mji unatekwa, jumba linafungwa, na wachezaji wanabaki na rundo la mavazi ya Kinazi ambayo hayakupata kuonekana na mtazamaji. Mavazi hayo ndiyo silaha yao. Kwa kuyavaa wanawadanganya maofisa wa kweli, wanaokoa siri za wanaopigana chinichini, na mwisho wanatoroka.

Wakubwa wa filamu hiyo ni wawili. Jack Benny, mcheshi aliyependwa sana katika redio za Marekani, anamwigiza Joseph Tura, mchezaji mashuhuri aliyejaa majivuno. Na Carole Lombard anamwigiza Maria, mkewe. Bibi huyo alifariki katika ajali ya ndege mwezi Januari 1942, kabla filamu haijaonyeshwa, na hivyo kila anayeitazama hucheka na marehemu. Mengi yamesemwa juu ya hao wawili, na wanastahili. Mtu wangu mimi ni Greenberg, mshika mkuki, na mchezaji aliyemwigiza ni Felix Bressart.

Greenberg anaonekana kwa dakika chache tu. Mara ya kwanza tunamkuta kati ya wenzake wakati wa mazoezi. Bronski, mwenziwe katika kazi ya kushika mkuki, amepewa sehemu ya Hitler katika mchezo ule uliopigwa marufuku baadaye, naye anachomeka neno la mzaha lisiloandikwa na mtunzi. Mwenye kundi anakasirika. Greenberg anamtetea rafiki yake kwa hoja kwamba kicheko si kitu cha kudharauliwa. Baadaye kidogo anamjibu mchezaji mwingine, mtu wa sauti kubwa na mikono mingi. Hapa yataka maelezo: katika Kiingereza mchezaji anayepita kiasi huitwa kwa jina lile lile la paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Greenberg anamwambia bwana yule kwamba kitu alicho yeye, Greenberg hali. Mzaha ni mdogo na umepita. Lakini aliye na masikio amekwisha kujulishwa kwamba mtu huyu ni Myahudi, na amejulishwa bila ya mtu yeyote kulitamka neno hilo. Naomba msomaji aushike mzaha huu mkononi, kwa maana nitaurudia.

Kisha tunamwona nyuma ya jukwaa, amevaa mavazi ya Hamlet, mkuki mkononi, anamfungulia Bronski moyo wake. Ndoto yake ya miaka yote ni kucheza Shylock. Anaamini kwamba Shakespeare alipoandika maneno ya Shylock alikuwa akimfikiria yeye. Pale pale, kwa sauti ya chini, anaanza kuyasema.

Wale ambao hawakupata kushika mkuki wataliona jambo hili kuwa la kubuni. Nami naweza kutoa ushahidi kwamba ni kweli tupu. Shuleni tulicheza Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Nyerere, nami nilikuwa askari, mkuki wangu fimbo ya mpera yenye ncha iliyofunikwa karatasi ya fedha. Sikuwa na neno hata moja. Lakini baada ya majuma mawili ya kusimama niliijua hotuba ya Antoni kwa moyo kuliko Antoni mwenyewe, na usiku mmoja alipokwama nilisikia midomo yangu ikienda. Mshika mkuki huujua mchezo mzima kwa sababu kazi yake yote ni kusikiliza. Mfalme hujua maneno yake na dalili za kuanzia tu.

Mara ya pili Greenberg anayasema maneno yale mji ukiwa umekwisha kutekwa. Ni majira ya baridi. Yeye na Bronski wanazoa theluji kwa sepetu katika njia yenye magofu. Mikuki haipo tena, na kumbe walikuwa matajiri walipokuwa nayo. Maneno ni yale yale, lakini pale mwanzo yalikuwa tamaa ya mchezaji anayetaka sehemu nono, na hapa yamekuwa habari za siku. Bressart habadilishi sauti yake ili kutuonyesha tofauti. Theluji na magofu yanamfanyia kazi hiyo, naye ana busara ya kuyaachia.

Inafaa niseme kidogo juu ya maneno yenyewe, kwa kuwa sisi wasomaji wa Kiswahili tunamjua Shylock kwa njia yetu. Nyerere aliufasiri mchezo huo, na tafsiri ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina hilo ni hukumu kamili. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Mfasiri aliwataja mabepari kwa wingi, Mkristo na Myahudi katika kapu moja. Kwa hiyo ni rahisi kwetu kumsoma Shailoki kama mla riba adaiye ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, tukamchukia kwa raha, na tukaipita mbio ile hotuba yake ya njiani anapodhihakiwa kwa sababu ya binti yake aliyetoroka. Katika hotuba hiyo anauliza kama Myahudi hakuumbwa na viungo na hisi zile zile za watu wengine, kama hali chakula kile kile na haumwi na maradhi yale yale. Watu wengi huinukuu kama mahubiri ya udugu. Si mahubiri. Ni hoja ya mtu anayetafuta ruhusa: ikiwa tunafanana katika yote hayo, basi na katika kulipiza kisasi tutafanana. Shakespeare hakumpa Shylock utakatifu. Alimpa mantiki, nayo ni zawadi kubwa zaidi.

Manazi nao waliupenda mchezo huo, kwa nia nyingine. Mwaka 1943, katika jumba la Burgtheater mjini Vienna, Werner Krauss alimcheza Shylock kama kinyago cha kuchukiza. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuigiza Wayahudi kadhaa katika filamu ya chuki, Jud Süß, ya mwaka 1940. Alikuwa mchezaji hodari sana, na jambo hilo linanisumbua kuliko kama angekuwa mbovu. Yeye alipewa sehemu nzima, jukwaa zima, na jumba la fahari. Bressart, upande wa pili wa bahari, alipewa kipande cha hotuba katika ushoroba.

Ushoroba huo ndio mahali pa mara ya tatu. Hitler amekuja Warsaw kutazama mchezo katika jumba lile lile la wachezaji wetu, na wao wamo ndani, wamejificha, wamevaa mavazi ya walinzi wake. Bronski amevaa masharubu na koti la Hitler. Ili waweze kutoka bila ya kuulizwa na walinzi wa kweli walio nje ya ukumbi, inatakiwa zogo, na Greenberg ndiye atakayelileta: atatokea peke yake, Myahudi katikati ya Manazi. Walipokuwa wakipanga shauri hili, lilitajwa neno la mazoea ya kazi, kwamba jambo hilo litachekesha sana. Na jibu likawa kwamba halitachekesha. Kwa mara ya kwanza katika filamu nzima kicheko kimekataliwa mlangoni.

Anatokea. Walinzi wanamkamata. Kisha anatoka Hitler wa uwongo pamoja na wasaidizi wake wa uwongo, na Tura, aliyevaa kama ofisa, anamhoji mtuhumiwa mbele ya askari wa kweli wanaoamini kila neno. Anamwuliza amefikaje pale. Greenberg anajibu kwamba pale ndipo alipozaliwa. Anaulizwa basi ni kitu gani kilichomfanya aamue kufa pale, naye anamwelekea Hitler: huyo. Wanamwuliza anataka nini kwa mkuu wao, na swali hilo anawarudishia wao: mkuu huyo anataka nini kwetu, anataka nini kwa Poland? Kutoka hapo, bila ya kituo, anaingia katika maneno ya Shylock, na safari hii anafika mpaka kwenye kisasi.

Nimeitazama sehemu hii mara nyingi na kila mara nimeshangazwa na hesabu zake. Mtu huyu amengoja maisha yake yote kupata jukwaa, na alipolipata halikuwa jukwaa. Jukwaa la kweli liko ng'ambo ya ukuta. Watazamaji wake ni wa aina mbili: wenzake, ambao wanaujua mchezo lakini hawawezi kuonyesha kwamba wanaujua, na adui, ambao wanautazama bila ya kujua kwamba ni mchezo. Akicheza vibaya, wote watauawa. Akicheza vizuri, hakuna atakayejua kwamba amecheza. Na huyo Hitler anayemshtaki kwa uchungu namna ile ni Bronski, rafiki aliyesikiliza maneno hayo hayo nyuma ya jukwaa na katika theluji.

Sasa naurudia ule mzaha wa nguruwe. Katika hotuba ya Greenberg neno Myahudi halimo. Shakespeare aliliandika, tena katika swali la kwanza kabisa. Filamu imeliondoa na kuweka sisi. Katika miaka ile wenye kampuni za filamu za Hollywood, ingawa wengi wao walikuwa Wayahudi, waliogopa kulitaja neno hilo, wasije wakaambiwa kwamba wanaivuta Marekani katika vita vya watu wao. Nimesoma waliolilaumu jambo hili kuwa ni woga, na waliolisifu kuwa ni ufundi, kwa maana sisi ya Greenberg inawachukua Wayahudi na Wapolandi wote na kila mtu aliyekanyagwa.

Kwangu mimi pande zote mbili zina haki, lakini haki zao hazilingani uzito. Ni kweli kwamba neno lisilotamkwa lina nguvu yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ni kweli pia kwamba mtu aliyezaliwa mahali ana haki ya kusema sisi pamoja na wenyeji wenzake, na Greenberg anapojibu kwamba alizaliwa pale anaidai haki hiyo kwa ufupi usiojibika. Lakini tuziangalie tarehe. Filamu ilipigwa picha mwishoni mwa mwaka 1941. Wayahudi wa Warsaw walikuwa wamekwisha kufungiwa nyuma ya ukuta tangu Novemba 1940. Filamu ilionyeshwa mapema mwaka 1942, na tarehe 22 Julai mwaka huo huo yakaanza magari ya moshi ya kuwapeleka Treblinka. Mpaka Septemba watu zaidi ya 250,000 wa mji ule walikuwa wamechukuliwa. Watu hao hawakuuawa kwa sababu ya kuwa sisi. Waliuawa kwa jina lao, wakatafutwa kwa jina hilo nyumba kwa nyumba. Lubitsch hakuweza kuyajua yaliyokuwa mbele, wala simdai unabii. Hata hivyo kila nifikapo mahali pale pa hotuba sikio langu hulingoja lile neno, nalo haliji, na sijapata kuizoea nafasi yake iliyo tupu.

Labda nafasi hiyo ilijazwa na mchezaji mwenyewe. Bressart alizaliwa mwaka 1892 katika Eydtkuhnen, mji mdogo wa Prussia ya Mashariki, mpakani kabisa mwa Ujerumani na dola ya Urusi. Leo mji huo umo Urusi na una jina jingine. Baada ya miaka mingi katika majumba ya michezo, alikuwa mcheshi mashuhuri wa filamu za Kijerumani zilipoanza kusema. Die Drei von der Tankstelle ya mwaka 1930 ilimfanya ajulikane kila mahali. Mwaka 1933 Manazi wakashika serikali, naye, akiwa Myahudi, akaondoka. Akafika Marekani akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na lugha ambayo ilibaki ngeni mdomoni mwake mpaka mwisho. Mchezaji aliyenyang'anywa lugha ni kama fundi aliyenyang'anywa mikono. Aliyebeba filamu nzima kwao alikuwa sasa mjumbe, karani, mzee wa nyumba ya jirani. Ni Lubitsch aliyemwita mara tatu: katika Ninotchka mwaka 1939, katika The Shop Around the Corner mwaka 1940, na katika hii.

Na Lubitsch alijua alichokuwa akikifanya. Yeye naye alizaliwa mwaka 1892, Berlin, mtoto wa mshonaji wa Kiyahudi. Kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa mchezaji katika kundi kubwa la Max Reinhardt, na sehemu alizopewa huko zilikuwa ndogo. Yaani alikuwa Greenberg. Alikwenda Marekani mwaka 1922, na mwaka 1935 Manazi walimfutia uraia wa Ujerumani. Baadhi ya wahakiki wa mwaka 1942 walimshutumu kwa kufanya mzaha juu ya mateso ya Warsaw, naye akajitetea kwa maandishi. Sina hamu ya kuurudia ugomvi huo. Nasema tu kwamba mtu aliyempa mshika mkuki hotuba ile, na akamkatalia kicheko mbele yake, hakuwa mtu asiyejua mipaka ya mzaha.

Nimalizie na jinsi Bressart anavyoyasema maneno hayo, maana huko ndiko kulikonivuta kuandika. Alikuwa mrefu, uso mrefu, macho yenye huzuni ambayo kwa miaka mingi yaliwachekesha watu kwa sababu ya huzuni yake. Shylock wa majukwaani mara nyingi huanza chini na kupanda mpaka akangurume. Bressart hanguri. Anauliza kama mtu aulizaye kweli, anayetaka kujibiwa. Kila swali linangoja kidogo, halipati jibu, na ndipo linakuja la pili. Lafudhi yake ya ugenini, ambayo katika filamu nyingine ilikuwa chombo cha ucheshi, hapa inakuwa ni sauti ya mtu aliyetoka mbali kuuliza jambo moja. Hakuna muziki wa kumsaidia. Kamera inamkaribia, inamtazama usoni, na kwa muda ule Jack Benny mwenyewe, mwenye jina kubwa mlangoni, ni mtu aliyesimama pembeni.

Hotuba ikiisha inatolewa amri kwamba achukuliwe, na anachukuliwa. Hakuna apigaye makofi. Askari wanarudi mahali pao, msafara wa Hitler wa uwongo unaelekea mlangoni, na Bronski, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa msikilizaji wake, anapita akiwa amevaa masharubu yasiyomruhusu kumwambia rafiki yake neno lolote.